Mpigaji Mkongwe na Mkoba wa Timu: Somo Kutoka Uwanja wa Besiboli

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitugawia mada kwa kura. Wenzangu waliokota methali, ngeli na ushairi wa arudhi. Mimi nikaokota kijikaratasi kilichoandikwa: "Michezo ya ugenini na mafunzo yake." Nilitaka kukirudisha kofiani upesi upesi. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi nikainama.

Nimechagua besiboli ya Marekani, na ndani ya mchezo huo nimechagua swali moja tu: timu huamuaje kuhusu mpigaji hodari ambaye umri umeanza kumtupa mkono, hali mkoba una mpaka na nafasi za kikosi zinahesabika? Nina sababu mbili za kulichagua. Ya kwanza ni mjomba wangu, aendeshaye lori mjini St. Louis, ambaye huja likizo Disemba na kofia nyekundu yenye herufi STL na hadithi zisizokwisha. Ya pili ni jambo lililotokea hapa shuleni mwaka jana, na ambalo mimi mwenyewe nilitia sahihi. Hilo la pili nitalifikia mwishoni. Kwanza tusome.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Wale mliocheza raundasi katika shule ya msingi hamtapotea. Timu ni mbili, wachezaji tisa kila upande. Mtupaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kuutupa mpira mdogo, mgumu. Mpigaji naye ana gongo la mbao. Akiupiga vyema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Akiupiga ukapaa na kupita juu ya ua ulio mbele yake, basi huzunguka vituo vyote taratibu bila bughudha. Hilo ndilo pigo linaloshangiliwa kuliko yote, nami humu nitaliita pigo la kuvusha.

Sifa ya mpigaji hupimwa kwa wastani. Mwenye wastani wa .300 ni yule ambaye katika zamu 1000 zinazohesabiwa amefaulu mara 300. Yaani hodari wa mahodari hushindwa mara saba katika kila kumi! Mwanafunzi akipata alama hizo katika Hisabati ataitwa ofisini. Kule anashangiliwa. Sababu utaiona nikifika kwenye umri.

Wala tusidhani mchezo huu haujafika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya ligi ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

NAFASI ISHIRINI NA SITA

Ligi Kuu ya besiboli ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Siku hizi kila timu huruhusiwa kuwa na wachezaji 26 kikosini kwa sehemu kubwa ya msimu. Zamani walikuwa 25. Ukisikia 26 utasema, ah, hao ni wengi. Ngoja kwanza tupige hesabu.

Watupaji huchoka haraka, hivyo timu nyingi huweka 13, na sheria haiwaruhusu kuzidi hapo. Wanabaki 13. Kati ya hao tisa huanza mechi, kwa hiyo benchi lina wanne tu. Mmoja wa wanne hao lazima awe mdakaji wa akiba, maana mdakaji huchuchumaa mchana kutwa nyuma ya mpigaji na huumia mara kwa mara. Wanabaki watatu. Watatu hao wanatakiwa wajue kukimbia, kurusha na kusimama mahali zaidi ya pamoja uwanjani, kwa sababu mtu akiteguka huwezi kumtuma mtoto sokoni akakununulie mwingine.

Sasa mchukue mpigaji wa miaka 38 asiyeweza tena kukimbia. Anajua kupiga tu. Kumweka yeye ni kumnyima nafasi kijana anayeweza kufanya kazi tatu. Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Swali si kama mzee huyu ni mzuri au ni mbaya; swali ni nani atakayekaa nje ili yeye akae ndani.

Kuna sheria moja iliyowapa wazee pumzi. Mwaka 1973 mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu iliruhusu timu kuwa na mpigaji wa kuteuliwa, mtu anayepiga badala ya mtupaji na hana haja ya kulinda eneo lolote uwanjani. Magoti yake hupumzika kivulini hadi zamu yake ifike. Ligi ya pili ilikataa kwa karibu nusu karne. Iliijaribu mwaka 2020, kisha ikaikubali moja kwa moja mwaka 2022. Shika tarehe hiyo ya 2022, tutairudia.

UMRI HAUPIGI HODI

Mpira wa kasi hutupwa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa na zaidi. Kwa umbali ule, humfikia mpigaji kwa muda wa kama sehemu nne za kumi za sekunde. Kufumba na kufumbua! Katika muda huo jicho lione, akili iamue, na mikono ilete gongo. Ndiyo maana kufaulu mara tatu katika kumi ni ushujaa.

Wanaochunguza takwimu za mchezo huu wanakubaliana kwamba wapigaji wengi hufika kileleni wakiwa na miaka ishirini na kitu, karibu na 27, kisha baada ya 30 huanza kuteremka. Miguu ndiyo hutangulia kuchoka. Baadaye gongo huanza kuchelewa, kidogo sana, lakini kidogo hicho ndicho tofauti kati ya mpira kuvuka ua na mpira kudakwa. Kitu kinachodumu zaidi ni maarifa: jicho la kutambua mpira upi upigwe na upi uachwe upite. Kwa hiyo mzee hageuki gogo siku moja. Hupoteza mambo fulani, akabaki na mengine. Kiongozi mwenye busara hujiuliza amebaki na yapi.

MKOBA NA MPAKA WAKE

Wengi hudhani timu za Marekani zina fedha zisizo na kikomo. La hasha. Besiboli haina kikomo kigumu cha mishahara kama kilichoko katika michezo mingine ya kule, lakini ina mpaka wenye adhabu. Kila mwaka huwekwa kiasi fulani, na timu ikipita hapo hutozwa ushuru. Mwaka 2012 mpaka ulikuwa dola milioni 178. Mwaka 2021 milioni 210. Mwaka 2025 milioni 241.

Hebu tufanye mfano. Timu imetumia milioni 261 mwaka 2025. Imepita mpaka kwa milioni 20. Ikiwa ni mara ya kwanza hutozwa asilimia 20, yaani milioni 4. Ikirudia mwaka unaofuata hutozwa asilimia 30. Ikirudia mara ya tatu mfululizo, asilimia 50. Ikipita mbali zaidi huongezewa adhabu juu ya adhabu. Timu ya Los Angeles Dodgers ilitozwa zaidi ya dola milioni 100 kwa msimu wa 2024, na ikatwaa ubingwa mwaka huo huo. Mwenye nguvu mpishe! Timu nyingine hazithubutu. Zikiukaribia mpaka zinafunga kamba za mkoba.

Mpaka huu haukuja kwa amani. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji waligoma kwa sababu wenye timu walitaka kikomo kigumu cha mishahara. Fainali ya mwaka huo, World Series, ikafutwa. Tangu mwaka 1904 jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Mgomo ulimalizika Aprili 1995 bila kikomo hicho. Ushuru tunaousoma hapa ni suluhu ya mafahali wawili: wenye timu hawakupata kikomo kigumu, nao wachezaji hawakupata soko lisilo na breki.

Jambo jingine la kuelewa ni jinsi mishahara inavyopanda. Kijana anapoingia Ligi Kuu, miaka ya kwanza karibu mitatu hulipwa kiasi kilicho karibu na kile cha chini kabisa. Kisha huruhusiwa kupeleka dai lake mbele ya msuluhishi. Akitimiza miaka sita ya utumishi huwa mchezaji huru, naye huweza kujiuza kwa timu yoyote. Sasa hesabu mwenyewe: aliyeanza na miaka 23 au 24 huwa huru akiwa na 29 au 30. Yaani anapata mkataba mnono wakati ule ule mwili unapoanza kuteremka mlima! Akiwa bora alilipwa kidogo. Akianza kuchakaa analipwa kikubwa. Mkataba wa namna hiyo mara nyingi ni shukrani ya jana iliyovaa nguo za kesho.

KISA CHA ALBERT PUJOLS

Huyu ndiye shujaa wa mjomba wangu. Alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, Januari 1980. Aliichezea St. Louis Cardinals kuanzia mwaka 2001 hadi 2011. Katika misimu hiyo 11 wastani wake ulikuwa .328 na alipiga mapigo ya kuvusha 445. Mara tatu, 2005, 2008 na 2009, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Alishinda ubingwa mwaka 2006 na 2011.

Baada ya ubingwa wa pili akawa mchezaji huru, akikaribia miaka 32. Los Angeles Angels wakampa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240. Kwa bei ya dola ya sasa hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Cardinals hawakufika dau hilo, wakamwachilia.

Tazama malipo yalivyopangwa: milioni 12 mwaka 2012, milioni 16 mwaka 2013, milioni 23 mwaka 2014, kisha yakapanda kwa milioni moja kila mwaka hadi milioni 30 mwaka 2021, atakapokuwa na umri wa miaka 41. Yaani kadiri alivyozeeka ndivyo alivyolipwa zaidi. Hata hivyo kwa hesabu ya ule mpaka, mkataba hugawanywa sawasawa: 240 gawanya kwa 10, kila mwaka milioni 24. Mwaka 2012, mtu mmoja alikuwa amekalia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nafasi yote chini ya mpaka.

Nini kilitokea? Wayo na magoti vilimsumbua. Alipiga mapigo ya kuvusha 222 akiwa na Angels, na hayo si haba, lakini wastani wake wa miaka hiyo ulishuka hadi .256. Timu iliingia hatua ya mtoano mara moja tu katika miaka hiyo kumi, mwaka 2014, ikatolewa bila kushinda mechi hata moja. Si haki kumtwisha mzigo wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo milioni 24 zilizofungwa kwa mtu mmoja ni milioni 24 zisizoweza kununua watupaji.

Cardinals nao waliambulia nini? Kwa sheria za wakati ule, timu iliyompoteza mchezaji wa namna hiyo ilipewa nafasi ya juu ya kuchagua kijana. Kwa nafasi iliyotoka kwa Angels walimchagua mtupaji Michael Wacha mwaka 2012. Mwaka 2013 huyo huyo Wacha aliteuliwa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, na Cardinals wakafika World Series. Mjomba asema, "Mjomba, siku alipoondoka Pujols watu walilia huku. Lakini mwaka wa pili walikuwa wanaimba jina la mtoto."

MAJI YALIYOMWAGIKA

Tufike mwaka 2021, msimu wa mwisho wa mkataba. Kufikia mwanzoni mwa Mei wastani wa Pujols ulikuwa .198. Kituo alichokuwa akilinda kilikuwa na kijana, Jared Walsh. Nafasi ya mpigaji wa kuteuliwa ilikuwa na Shohei Ohtani. Basi mzee angekaa wapi? Tarehe 6 Mei Angels wakamwondoa kikosini.

Zingatia jambo hili, maana ndilo kiini cha somo. Mikataba ya besiboli ni ya uhakika. Kumwondoa hakukuwaokolea zile milioni 30, walizilipa. Watu wengi wangesema, "Tumeshamlipa, basi acha acheze tupate faida ya pesa zetu." Fikra hiyo ni mtego. Maji yakimwagika hayazoleki. Pesa zilikwisha kwenda, acheze asicheze. Kilichobaki mkononi mwao ni nafasi moja kati ya 26, na swali la haki lilikuwa: leo, nafasi hii imfae nani? Kwa swali hilo naona Angels walikata sawa, ingawa kwa mtu wa heshima kama yule, kuondolewa katikati ya msimu kulikuwa shubiri.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ndiyo maana naipenda. Dodgers walimchukua, wakampa kazi ndogo. Hawakumtaka acheze kila siku. Walimtuma zaidi dhidi ya watupaji wa mkono wa kushoto, ambao bado alikuwa akiwaona vizuri. Kisha ikafika ile 2022 niliyokuambia ushike. Wenye timu walikuwa wamewafungia wachezaji nje tangu Disemba 2021. Walipopatana Machi 2022, mpigaji wa kuteuliwa akaruhusiwa katika ligi zote mbili. Kwa hiyo Cardinals sasa walikuwa na kiti cha mzee. Wakamrudisha Pujols kwa mwaka mmoja, dola milioni 2.5 tu. Umri: miaka 42.

Alipiga mapigo ya kuvusha 24. Tarehe 23 Septemba 2022, katika uwanja wa Dodgers, alipiga mawili usiku mmoja, la 699 na la 700. Kabla yake ni watu watatu tu waliowahi kufika 700: Babe Ruth, Hank Aaron na Barry Bonds. Alistaafu na 703.

Mtu yule yule, basi. Kwa milioni 30 na kazi ya kila siku alikuwa mzigo. Kwa milioni 2.5 na kazi inayomfaa alikuwa hazina. Tofauti ilikuwa katika bei na katika kazi aliyopewa.

WENYE MKOBA MWEMBAMBA

Je, timu maskini ifanyeje? Mwaka 2002 Oakland Athletics walikuwa na mishahara ya kama dola milioni 40, hali New York Yankees walikuwa na kama milioni 125. Oakland hawakuweza kununua vijana wenye majina. Wakatafuta wale ambao wengine wamewadharau. Mmoja alikuwa David Justice, mwenye miaka 36, nyota wa zamani. Nguvu zake zilikuwa zimepungua, lakini jicho lake lilikuwa lile lile: alijua kuuacha mpira mbaya upite, na mpigaji akiachiwa mipira minne mibaya hupewa kituo cha kwanza bure. Oakland waliona kitu hicho kinauzwa rahisi kuliko thamani yake. Mwisho wa msimu Oakland walikuwa wameshinda mechi 103. Yankees? 103 pia. Timu zote mbili zikatolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano, kwa hiyo wasitucheke sana wala tusiwasifu kupita kiasi.

Wenye mkoba mnene nao wana hila zao. Ohtani yule yule alitia sahihi na Dodgers Disemba 2023 mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700. Lakini kila mwaka huchukua milioni 2 tu, na milioni 68 huahirishwa, zilipwe kuanzia mwaka 2034 hadi 2043. Kwa kuwa shilingi ya kesho ni nyepesi kuliko ya leo, mbele ya ule mpaka mkataba huhesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka, si 70. Ni halali, lakini deni ni deni. Atakayelilipa ni mkuu wa timu wa wakati huo, ambaye labda leo bado yumo darasani.

TURUDI NYUMBANI

Sasa lile jambo letu. Mwaka jana, muhula wa pili, timu yetu ya voliboli ilifuzu kwa mashindano ya kaunti. Pesa za michezo zilitosha kukodi matatu moja ya abiria 14. Ondoa walimu wawili, zinabaki nafasi 12. Mazoezini tulikuwa 13.

Nahodha wetu alikuwa Kidato cha Nne. Ndiye aliyenifundisha kuanzisha mpira nilipokuwa Kidato cha Kwanza, akinisimamisha nyuma ya bweni jioni hadi kengele ya maandalio. Lakini goti lake lilikuwa limevimba tangu Machi, hakuweza kuruka wavuni. Kamati ya michezo ilikaa, watu watano, mimi nikiwa katibu. Swali tulilojiuliza lilikuwa hili: "Anaweza kucheza mechi nzima?" Jibu lilikuwa la. Tukapiga kura, nami nikainua mkono pamoja na wengine. Orodha niliiandika kwa mkono wangu, nikaibandika ubaoni Ijumaa asubuhi kabla ya gwaride.

Aliisoma akiwa amezungukwa na watoto wa Kidato cha Kwanza. Baadaye alikuja pale matatu ilipoegeshwa, akatusaidia kupakia mfuko wa mipira kama kawaida yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Katibu, hata kuniita pembeni?"

Sikuwa na jibu. Tulikwenda, tukashindwa katika nusu fainali, seti ya mwisho, tukipoteza mipira ya kuanzisha moja baada ya nyingine kwa kiwewe. Yule mchezaji wa kumi na mbili tuliyempa nafasi hakuingia uwanjani hata mara moja.

Sisemi kwamba angekuwapo tungeshinda. Hilo hakuna ajuaye. Lakini tangu nisome habari za Pujols nimeona makosa yetu mawili. La kwanza, tuliuliza swali baya. Badala ya kuuliza kama anaweza kucheza mechi nzima tungeuliza: "Amebaki na nini, na nafasi ya mwisho imfae nani?" Kuanzisha mpira hakuhitaji kuruka wavuni. Mkono wake ulikuwa mzima, na moyo wake ulikuwa mtulivu kuliko wetu sote. La pili ni kubwa zaidi. Hata kama uamuzi ungekuwa sawa, ubao wa matangazo si mdomo. Mtu aliyetumikia watu anastahili kuambiwa ana kwa ana, na aambiwe sababu.

Mjomba alinisimulia kwamba Juni 2019, Pujols alipofika St. Louis kwa mara ya kwanza akiwa amevaa jezi ya Angels, umati wote ulisimama ukampigia makofi. Walikuwa hawana kiti cha kumpa wala pesa za kumlipa. Makofi waliyo nayo, na hayo hayana mpaka wala ushuru.

Nahodha wetu amekwisha maliza shule. Gazeti hili likichapishwa, nakala ya kwanza itakayofika mikononi mwangu nitampelekea mwenyewe hadi kwao, kwa miguu yangu. Safari hii sitabandika ubaoni.

MSAMIATI

Mpigaji wa kuteuliwa – mchezaji anayepiga tu, bila kulinda eneo uwanjani.
Mchezaji huru – aliyemaliza mkataba na anaweza kujiunga na timu yoyote.
Msuluhishi – mtu anayeamua kati ya pande mbili zinazovutana.
Mtoano – hatua ya mashindano ambapo anayeshindwa hutolewa.
Dau – kiasi cha fedha ambacho mtu yu tayari kutoa.
Kiwewe – hali ya kuchanganyikiwa kwa hofu.
Ana kwa ana – uso kwa uso.

MASWALI YA UFAHAMU

1. Kwa nini mwandishi asema kwamba mkataba mnono ni "shukrani ya jana iliyovaa nguo za kesho"?
2. Timu imepita mpaka wa mishahara kwa dola milioni 30 kwa mara ya kwanza. Ukitumia asilimia 20 pekee, itatozwa kiasi gani?
3. Eleza jinsi methali "Maji yakimwagika hayazoleki" inavyohusiana na uamuzi wa Mei 2021.
4. Taja makosa mawili ya kamati ya michezo. Lipi ni kubwa zaidi kwa maoni yako, na kwa nini?
5. Wewe ni katibu wa kamati. Andika mazungumzo kati yako na nahodha ukimweleza ana kwa ana kwamba hatasafiri. (Maneno 150)